Lenzi ya Oryem

Omolo alikuwa mwoga, na Kampala ya mwaka sabini na saba uoga haukuwa aibu. Ndio uliokuwa ukiwafikisha watu jioni. Alikuwa na studio ya picha Namuwongo, chumba kimoja cha mbao ng'ambo ya reli, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amejizoeza kutoangalia sana mambo. Gari lisilo na namba likipita, yeye huinama kufunga kamba za viatu. Wanawe walidhani baba yao ana shida na viatu.

Sasa mtu wa namna hii, niambieni, lenzi ya kuona mbali anaitakia nini?

Sababu ilikuwa tumbo. Wateja wake wakubwa walikuwa Wakenya wenzake wa reli, watu waliopenda kuvaa suti Jumapili na kupigwa picha wameshika redio. Mwaka ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, reli ikagawanywa, nao wakafungasha wakarudi Kisumu na Busia. Waliobaki walitaka picha ndogo za pasi tu, na mtu akishachukua picha ya pasi humwoni tena. Nabwire, mkewe, Msamia asiyejua kupaka maneno sukari, alisema studio yao imekuwa mlango wa kutokea.

Kilichobaki kuchangamka ni mpira. Jumamosi Omolo alikwenda uwanjani Nakivubo na kamera yake ya Kirusi, akakaa nyuma ya goli, lakini kwa lenzi yake fupi mchezaji aliyeko katikati ya uwanja alitoka mdogo kama siafu. Wachezaji walimwambia wazi: tutolee sura zetu, tutanunua. Mtu mmoja wa gazeti naye alimwambia hivyo hivyo. Kwa hiyo Jumatatu moja Rosalba alipoingia studio na kikapu cha mihogo, akatoa chini ya mihogo kitu kilichofungwa taulo, Omolo alikitambua kabla taulo halijafunguka.

Rosalba alikuwa Mwacholi, mama wa watoto wawili. Kwa jina la mkubwa walimwita Mama Amito. Mumewe, Oryem, alikuwa mpiga picha wa polisi, kazi yake magari yaliyogongana na watu waliookotwa. Mwezi wa pili mwaka ule, wakati Waacholi na Walango walipokuwa wakitafutwa kwa majina, Oryem alichukuliwa mchana kweupe akiwa na sare. Kofia yake ilirudishwa, yeye hakurudi. Rosalba akatolewa kwenye nyumba za polisi, akaja kupanga Namuwongo, na tangu hapo watu wengi walimsalimia kwa haraka huku wakitembea.

"Hii ya kwake mwenyewe," alisema. "Si ya serikali. Alinunua kwa Mhindi mmoja, ule mwaka walifukuzwa. Risiti haiko."

Omolo alifunga mlango kwanza, ndipo akaishika. Ilikuwa ndefu kama mkono kutoka kiwiko mpaka kifundo, ya Kijerumani, nzito, rangi imebanduka pale vidole vya Oryem vilipozoea kukaa. Akaitikisa sikioni. Akazungusha pete ya kulengea, ikaenda kwa shida, mafuta yameganda. Akaielekeza dirishani akachungulia kwa nyuma: ndani ya kioo cha pili kulikuwa na ukungu, nyuzi nyeupe zimetambaa kutoka ukingoni. Kisha akajaribu skrubu yake kwenye kamera. Iliingia yote, taratibu, mpaka ikakaza. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi, maana isingeingia angekuwa amepata sababu ya kukataa.

"Ina ukungu, Mama Amito."

"Najua."

"Picha itatoka kama imemwagiwa maziwa."

"Jaribu kwanza, Fundi. Ndipo useme."

Jaribu. Mnaona ugumu wake? Lenzi ya mbali hujaribiwa kwa kitu cha mbali, na Kampala ni mji wa vilima. Ukitazama mbali unatazama kilima, na siku zile kila kilima kilikuwa na mwenyewe. Omolo akisimama nje ya studio, kilima kinachomwangalia ni Makindye, na Makindye kuna kambi ya jeshi. Akigeuka, kuna minara ambayo hakuna aliyekuwa akiuliza ni ya nini. Abaki kuelekeza lenzi mawinguni, na mawingu hayamwambii mtu kama kioo ni kizima.

Nabwire, aliyekuwa amesimama mlango wa nyuma akisikiliza bila kuficha, aliingia akaikagua lenzi kama mtu anayekagua samaki aliyelala sokoni.

"Ukishika hii barabarani watasema ni bunduki," alimwambia mumewe. "Ukiwaambia si bunduki, hapo ndipo utakufa kweli. Wewe Mkenya. Wanatafuta jasusi kila siku, na leo unataka kuwapelekea mmoja, na miwani yake."

Rosalba alingoja amalize. "Mimi najua pahali pa kujaribu," alisema.

Akawaeleza. Alikuwa akienda Port Bell, bandari ya ziwani, kuuza mihogo kwa wachukuzi. Wiki mbili zilizopita aliona wafungwa wameletwa kupakua magunia kutoka mabehewa yaliyovushwa ziwa kwa kivuko. Vichwa vyote vimenyolewa, nguo zote moja, wote wamekonda. Lakini mmoja wao alitembea akiutupa mguu wa kulia kidogo nje, na Rosalba alikuwa amelala na kuamka na mwendo ule miaka tisa. Kusogea huwezi, askari wamesimama. Kutumia lenzi mwenyewe hakuthubutu, na hakuwa na kamera, kwa kuwa kamera ilichukuliwa pamoja na Oryem.

"Piga picha ya yule mtu. Hiyo ndiyo ya kujaribu. Ikitoka, nitakuuzia kwa bei yoyote utasema. Na mimi nitajua. Kama ni yeye, nakaa hapa, hata miaka kumi nakaa. Kama si yeye, napeleka watoto Kitgum kwa mama yake, tunaweka kilio, basi."

Omolo alisema atafikiri. Alifikiri siku mbili, na kufikiri kwake kulikuwa kutokula. Aliwaza mpira, aliwaza sura za wachezaji zimejaa karatasi nzima, na mate yakamjaa. Halafu aliwaza buti za yale magari yasiyo na namba, na watu waliotiwa humo. Nabwire alimwangalia akisukuma sahani, na siku ya pili mchana akamshangaza.

"Nenda ukapige," alisema.

"Si wewe uliyesema nitakufa?"

"Nimesema. Lakini nimewaza. Ukichukuliwa wewe, mimi nitakwenda kwa nani anipigie picha yako?"

Basi akapiga moyo konde. Waliafikiana hivi: mpiga picha kutembea na kamera si kosa, ikiwa mbele yake kuna mtu aliyevaa vizuri. Rosalba angevaa gauni lake la kuendea harusi kanisani, asimame kando ya ziwa kama mama anayetaka picha ya kupeleka kwao, na Omolo angelenga juu ya bega lake. Lenzi angeifunika taulo, kama mwenye kukinga jua.

Jumatano saa tano walikuwa Port Bell. Joto lilikuwa kali. Alimsimamisha Rosalba mgongo wake ukiwa upande wa mabehewa, yeye akarudi nyuma sana, hatua kumi na tano, maana lenzi ile haikukubali kitu cha karibu. Nyuma ya Rosalba, kama hatua mia moja, wafungwa walitoka mlango wa behewa mmoja mmoja na magunia mabegani.

"Usigeuke," alimwambia.

"Sigeuki."

"Tabasamu, Mama Amito. Tunapiga picha."

Akatabasamu. Mume wake, kama ni mume wake, alikuwa nyuma ya kisogo chake, na yeye ilimbidi atazame kioo kilichokuwa cha huyo mumewe na kuonyesha meno. Omolo aliyaona meno hayo ndani ya ukungu, akahamisha pete, na uso wa Rosalba ukayeyuka, wafungwa wakaja. Walikuja karibu kiasi kwamba alitaka kuinama kufunga viatu. Yule wa mguu alitoka wa nne. Picha ya kwanza, gunia likamfunika. Ya pili, akalishusha begani na kuinua uso. Ya tatu, alikwishapiga hatua mbili, kichwa amekigeuza kidogo.

"Wewe. Unapiga nini?"

Askari alikuwa ametokea ubavuni, bunduki imening'inia, kijana mnene mwenye chunjua kwenye shavu. Alisikia sauti yake ikisema, kwa mbali, kwamba anampiga picha mama huyu, afande, anataka kupeleka kwao.

Askari alimtazama Rosalba, akatazama lile dude kwenye taulo. "Kamera gani ndefu hivi?"

"Ya zamani, afande. Za zamani zilikuwa ndefu."

Ndiyo, alijibu hivyo. Mpaka kesho Omolo hajui jibu lile lilimtoka wapi. Askari alilitafakari, akavuta kofia yake ikakaa sawa, akasema, "Nipige na mimi."

Sasa ona balaa: askari alisimama hatua tatu tu, na lenzi haimwoni. Ikabidi Omolo, mwoga kuliko wote wa Namuwongo, amwamuru mtu mwenye bunduki arudi nyuma. Rudi, afande. Tena kidogo. Tena, tafadhali. Askari akarudi kinyumenyume mpaka karibu na maji, kifua mbele, na Omolo akabonyeza. Akaulizwa studio iko wapi. Akaitaja, kwa kuwa uongo haukumjia mara ya pili.

"Jumamosi nakuja kuchukua," askari alisema.

Alhamisi asubuhi Omolo aliziba chumba cha nyuma kwa mablanketi akaosha filamu. Picha zilitoka na maziwa, kama alivyosema, kwa hiyo akachagua karatasi kali, ile ya kufanya cheupe kiwe cheupe na cheusi kiwe cheusi. Akaikuza ile ya pili mpaka mashine ikafika mwisho. Katika beseni la dawa uso ulijitokeza polepole, ukubwa wa stempu: mtu mwenye mashavu yaliyoingia, masikio makubwa, macho yamefinywa na jua. Rosalba alikuwa amemwachia picha ya harusi, akazilinganisha. Oryem wa harusi alikuwa mnene na laini. Masikio, hata hivyo, yalikuwa yale yale, au Omolo alitaka yawe yale yale.

Namuwongo ina vumbi la reli na vumbi la barabara, na hakuna mpiga picha wa kule aliyepata kuchapa picha isiyo na vumbi. Chembe ikikaa juu ya filamu, kwenye picha hutoka doa jeupe, na mteja hataki doa. Picha ilipokauka Omolo aliketi mezani kama kila siku, akachovya brashi yenye nywele tatu katika wino, akaziba vumbi: mawili angani, moja kwenye gunia, moja usoni, kadhaa kwenye behewa. Huku anaziba alikuwa akisikiliza mlangoni kama kuna gari. Mikono iliijua kazi yenyewe.

Saa nne Rosalba aliingia. Alikuwa na watoto nje na sanduku la bluu, maana alijiambia lolote litakalotokea asikutwe hajajiandaa. Akaipeleka picha kwenye mwanga wa mlango. Aliitazama muda mrefu, na kidole chake kikaenda usoni pa yule mtu, kando ya jicho la kushoto, kikakaa hapo.

"Si yeye," alisema.

"Umeangalia masikio?"

"Masikio yanafanana. Hata mwendo unafanana. Si yeye, Fundi. Asante."

Hakulia. Akaketi, akainuka, akaketi tena. Akaiweka lenzi mbele ya Omolo, akataja bei ndogo mno, na Omolo akalipa, akiona haya kwa jinsi moyo wake ulivyofurahi. Basi la Kitgum lingeondoka saa sita. Pale mlangoni Rosalba akageuka.

"Oryem alianguka kwenye moto akiwa mtoto. Hapa," akagusa kando ya jicho lake mwenyewe, "ana alama nyeupe, pana kama kidole gumba. Hata kwenye picha ya harusi mliifuta, nyinyi watu wa studio. Niligombana na yule mtu. Huyu wa kwako hana alama."

Akaenda.

Omolo alibaki na lenzi mapajani, ya kwake sasa. Aliwaza Jumamosi, golikipa ameruka, vidole vyote kumi vinaonekana. Alinyoosha mkono kufuta meza, akaiona brashi. Nywele zake tatu zilikuwa bado na wino.

Alijaribu kukumbuka mahali mkono wake ulipopita usoni, akashindwa, kwa maana hajawahi kuukumbuka. Nani anakumbuka vumbi? Akachukua filamu, akaipuliza, akaipangusa kwa pamba, akaitazama kwa kioo cha kukuzia. Kitone kilikuwepo bado. Akajiambia huo ni mkwaruzo. Kisha akasogeza filamu kwenye picha ya tatu, ile ya hatua mbili mbele, kichwa kimegeuzwa. Kitone kilikuwa kimekwenda na yule mtu. Kilikuwa kando ya jicho la kushoto, na vumbi halimfuati mtu hatua mbili.

Nitawaambia ukweli, maana Omolo mwenyewe hakuuficha: alikaa. Alikaa nusu saa nzima bila kuinuka. Akinyamaza, yule mama ataondoka salama na watoto wake, kutoka mji ambamo jina lao tu lilitosha kuwaua. Akinyamaza, lenzi ni yake, na hakuna tena mtu wa kusema nani alipiga nini Port Bell. Hata Nabwire asingejua. Akinyamaza yote yanakwenda sawa, ila kesho kutwa huko Kitgum watu watakaa chini kumlilia mtu anayebeba magunia. Wengine walikuwa wamemchukua Oryem. Aliyemmalizia, kwa brashi ya nywele tatu, alikuwa yeye. Hilo lilimuumiza kuliko uoga, na Omolo hakuwa amewahi kuumizwa na kitu kuliko uoga.

Akachapa picha ya tatu. Hakuigusa kwa brashi hata angani. Akaikunja ikiwa mbichi ndani ya gazeti, akaweka lenzi ndani ya kikapu, juu yake ndizi za Nabwire, akatoka mbio. Njiani lilipita gari lisilo na namba. Hakuinama.

Basi lilikuwa limejaa, injini inanguruma, utingo yuko juu ya paa anakaza kamba. Rosalba alikuwa kiti cha dirishani, mtoto mdogo amelala mapajani, Amito ameegemea. Omolo alimpitishia gazeti dirishani, na pumzi hana.

"Nilimziba, Mama Amito. Nilidhani ni vumbi."

Alifunua gazeti kidogo tu, kwa ndani, wengine wasione. Uso wake haukubadilika. Akaweka kidole kando ya jicho la yule mtu, kisha akalifunga gazeti.

"Tangu saa nne mimi ni mjane," alisema polepole. "Unajua hiyo ni nini, Fundi? Nimewaambia hawa watoto."

Rosalba alisimama, akatoa kichwa dirishani, akamwita utingo. "Shusha sanduku ya bluu." Utingo akalalamika, abiria wakalalamika, akashuka hivyo hivyo na watoto wake katikati ya malalamiko. Alipokuwa chini akafungua fundo la kanga, akatoa fedha za Omolo kama zilivyokuwa.

"Lenzi uko nayo?"

"Iko chini ya ndizi."

"Nipe. Nitahitaji kuona."

Alimpa kikapu chote. Alimtazama akiondoka, sanduku kichwani, kikapu mkononi, akirudi upande ule ule wa hatari kwa miguu ya mtu mwenye haraka. Kama alikuwa amemwokoa au amemuua, Omolo hakujua siku ile, na hajui mpaka leo.

Jumamosi hakwenda Nakivubo. Alikuwa mezani, picha ya askari mbele yake, brashi mkononi, pale askari mwenyewe alipoinama kuingia mlangoni.

"Ile kamera ndefu iko wapi?"

"Niliazima, afande. Mwenyewe amechukua."

Askari alizungusha macho chumbani, taratibu, kwenye rafu, nyuma ya pazia. Nabwire alisimama mlango wa nyuma. Kisha askari akaketi kwenye kiti cha wateja, bunduki kati ya magoti, akanyoosha mkono aone picha yake.

"Bado kidogo, afande. Naziba vumbi." Omolo alichovya brashi, akaisogeza kwenye shavu, mahali palipokuwa na kitone cheupe, na mkono ukasimama. Aligeuza picha ikamwelekea askari, akaonyesha kwa ncha. "Hii hapa, afande. Ni yako, au ni vumbi?"

Askari alisogeza uso karibu akaitazama. Akajigusa shavu.

"Yangu," alisema. "Iache."

Omolo akaiacha.